Kopo la Pumba

Farasi yule mdogo aliitwa Mdokozi, na jina lilimkaa sawasawa. Kimo chake hakikufika kifuani mwa mtu mzima, tumbo lilimtoka kama ngoma, na nywele za utosini zilimfunika macho yote mawili mpaka ukajiuliza anaonea wapi. Anaona! Tena anaona kuliko mimi na wewe. Ungemkuta amesimama kando ya waya wa umeme, kichwa kimeinama kama mtu anayesali, masikio tu ndiyo yanacheza. Alikuwa anasikiliza. Mashine inayosukuma umeme kwenye waya ilikuwa na mlio wake, tik, tik, tik, na Mdokozi aliujua mlio ule kama mwanafunzi mvivu anavyoijua kengele ya kwenda nyumbani. Betri ikichoka, mlio ukififia, huyo! Anapiga magoti, anapenyeza kichwa chini ya waya, manyoya mazito ya shingo yanamkinga na umeme uliobaki, halafu tumbo linapita kwa kusukumwa. Akishafika upande wa pili anakula bila kuinua kichwa. Na wenzake wako nyuma yake, maana mwizi akishafungua mlango hakosi wafuasi.

Sasa huo upande wa pili ndio uliokuwa na kesi. Shamba lilikuwa na viwanja viwili vya malisho, na mstari mmoja wa waya katikati. Farasi wanakula huku, kule nyasi zinapumzishwa mpaka zifike magotini. Kisha wanahamishiwa kule, na huku nako kunapumzika. Nyasi changa kwa farasi wadogo ni sumu tamu. Wakizivamia kabla ya wakati wanazitafuna mpaka shinani, na utamu wake unawashukia kwenye kwato. Kwato zinapata moto, mnyama hawezi kukanyaga. Na farasi asiyekanyaga ana kazi gani kwenye shamba ambalo watu huleta watoto wao kupanda farasi?

Mwenye shamba alikuwa mwanamke mmoja mrefu, mkavu, aliyeitwa Bi Kidole. Si mbele yake, lakini. Jina lilitokana na kuamuru kwake: hakupoteza maneno, alinyoosha kidole tu, nawe ukaenda kilikoelekea. Aliyekuwa akikimbia zaidi kufuata kidole hicho ni mume wa marehemu mdogo wake. Huyu naye watu walikuwa wameshalisahau jina lake. Kwa vile Bi Kidole alimwita shemeji, basi wote wakamwita Shemeji, kuanzia daktari wa mifugo mpaka muuza mkate. Mke wake alipofariki, hakuwa na pa kwenda. Alibaki pale pale, chumba cha nyuma ya stoo ya matandiko, anasafisha mabanda, anakata kwato, anahamisha vigingi vya waya. Bi Kidole hakumfukuza. Alimwacha akae, na kila siku akamkumbusha kwamba amemwacha akae.

"Mdogo wangu angeolewa na mtu mwenye kwake," alikuwa akisema, mbele ya yeyote, "leo angekuwa hai."

Shemeji alikwenda zake kwa Mdokozi, akamkuna nyuma ya sikio.

Maana Mdokozi alikuwa wa marehemu. Mama yake alikufa akimzaa, na mke wa Shemeji akamlea kwa chupa jikoni, amelala kwenye mkeka kando ya jiko, anatafuna pindo za mapazia. Alipokua, akawa anamwita kwa kopo. Kopo lenyewe la maziwa ya unga, limebonyea ubavu mmoja, ndani yake pumba. Unaligonga kwa kijiko, ko-ko-ko, na popote alipo Mdokozi anakuja mbio, tumbo linamtangulia. Farasi wengine nao walijifunza kumfuata. Mke huyo akiwa kitandani hospitali, amebaki mifupa, hakuusia habari za kaburi wala nguo zake. Alimshika mumewe kidole gumba akasema, "Nakuachia mlafi wangu. Asipande lori." Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho yenye maana, yaliyofuata yalikuwa ya homa.

Basi asubuhi moja yule jike mweupe, kipenzi cha watoto wote, alikutwa katikati ya nyasi changa, mwili ameuegemeza nyuma ili miguu ya mbele isibebe kitu. Daktari wa mifugo alipiga goti, akagusa kwato, akautoa mkono haraka kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Zinachemka," akasema. "Huyu hapandwi na mtu miezi hii."

"Nani kafungua njia?" Bi Kidole akauliza, wala hakungoja jibu. Kidole kilikuwa kimeshanyooka. Mdokozi alikuwa kule pembeni, amevimba, anatafuna taratibu kama mjumbe wa kamati baada ya chakula cha mchana.

"Shemeji, leo nimemaliza maneno. Hicho kitumbo chako kikivuka tena, hata kwa bahati mbaya, hata kikisukumwa na upepo, namwita Kwaheri."

Kwaheri alikuwa mtu wa lori. Alinunua wanyama waliochoka na kuwapeleka kwenye kiwanda cha chakula cha mbwa. Watu wa mashamba ndio waliompa jina hilo, naye akalipenda, akaliandika kwa rangi nyekundu kwenye bampa.

"Dada," Shemeji akasema. Alimwita Dada kama marehemu alivyomwita. "Dada, yule ni wa marehemu."

"Marehemu hali nyasi. Huyu anakula."

Huyo ndiye Bi Kidole. Na ubaya wake ni kwamba hakuwa amekosea. Jike mweupe alikuwa pale, anatetemeka kwa maumivu, na aliyemponza anajulikana.

Siku ya pili yake Bi Kidole akaandaa somo. Ilikuwa njia ya baba yake, na baba yake aliitoa kwa nani sijui, kwa shetani labda. Unachukua vipande vya karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, unavining'iniza kwenye waya kimo cha pua, unavipaka molasi. Kisha unawasha mashine na kurudi nyuma. Farasi ana ulimi mwororo na wenye njaa ya utamu. Atakuja mwenyewe.

Walikuja. Wa kwanza alikuwa dume mwenye madoa, mpole, mbeba watoto wa miaka mitatu. Alinusa, akatoa ulimi. Sauti iliyomtoka haikuwa ya farasi. Ilikuwa kama mlango mkubwa wa bati unaoburuzwa kwenye saruji. Aliruka nyuma miguu yote minne kwa pamoja, akaanguka ubavu, akainuka, akakimbia huku ulimi umening'inia. Bi Kidole akakunja kidole kimoja. Akaja wa pili. Akakunja cha pili.

"Mchelea mwana kulia, hulia yeye," akasema.

Daktari, aliyekuwa amekuja kumtazama jike mweupe, alijikuna shingo. "Wanasema mkono mtupu haulambwi. Lakini mkono wako Bi, afadhali ungekuwa mtupu."

"Somo ni moja tu, daktari. Mara moja, na maisha yote hasogei. Uliona wapi shule ya bei rahisi hivyo?"

Wote walilamba, mmoja baada ya mwingine, na wote wakalia. Akabaki Mdokozi. Alikuja kwa mwendo wake wa madaha, akasimama mbele ya karatasi iliyong'aa kwa molasi. Pua zilitanuka. Mate yalimdondoka, haki ya Mungu, yalimdondoka mpaka kwenye kwato. Shemeji alifumba macho. Lakini masikio ya Mdokozi yalikuwa yameelekea kwenye mashine: tik, tik, tik. Akatazama karatasi. Akamtazama Bi Kidole. Kisha akageuka, akampa makalio, akakojoa kwa kirefu.

Daktari alicheka mpaka akashika kigingi, bahati yake kilikuwa cha plastiki. Shemeji naye kicheko kilimtoka, akakimeza. Bi Kidole hakucheka.

"Kwaheri anapita mwisho wa mwezi kuchukua ng'ombe wa jirani," akasema polepole. "Mpaka hapo awe amejifunza. Nitampima mwenyewe. Akivuka, anapanda lori, na wewe, shemeji, ndiye utakayemfunga kamba na kumpandisha. Kwa mikono hiyo hiyo."

Shemeji aliwaza mchana kutwa, uma wa samadi mkononi. Kumtorosha? Ampeleke wapi, yeye mwenyewe hana mbele wala nyuma. Kumficha? Tumbo lile linafichwa? Ilibaki kitu kimoja tu: Mdokozi ajifunze. Ajifunze kweli kweli, zaidi ya wenzake wote, asiwe na hata chembe ya wizi. Samaki mkunje angali mbichi, wanasema. Huyu alikuwa ameshakauka, basi itabidi atumie nguvu.

Na yeye alimjua Mdokozi kuliko mtu yeyote. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Bi Kidole alijua farasi. Shemeji alimjua huyu. Alijua kwamba kinachomwokoa ni masikio, basi akaiondoa mashine uwanjani, akaifungia stoo, akaifunika magunia, akavuta waya mrefu mpaka kwenye uzio. Tik ikafa. Alijua kwamba manyoya ya shingo ndiyo ngao yake, basi akachukua mkasi akamnyoa, na Mdokozi akatulia kabisa, amemwekea kidevu begani, akidhani anapambwa. Alijua kwamba ardhi kavu hupunguza makali ya umeme, basi akamwaga maji ndoo kwa ndoo kando ya waya mpaka pakawa tope. Kilichobaki ni cha kumvutia. Molasi alikwishaishtukia, hadanganyiki. Kuna kitu kimoja tu hapa duniani ambacho Mdokozi angekikimbilia bila kusikiliza, bila kunusa, bila kufikiri.

Kopo lilikuwa juu ya rafu, karibu na picha ya marehemu. Mkono wake ulisita. Moyo ulimwambia, wewe, hicho kiache. Lakini alifikiria lori, alifikiria bampa lile jekundu, akapiga moyo konde akalishusha.

Akawafungia farasi wengine bandani. Akasimama upande wa nyasi zilizopumzishwa, waya mbele yake, akagonga. Ko-ko-ko.

Mdokozi alikuwa mbali, karibu na hodhi la maji. Aliinua kichwa. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amegonga kopo lile. Pumba zilimwagwa tu horini. Akaja. Lo, alivyokuja! Masikio mbele, nywele zinapepea, anatoa kile kilio kidogo cha puani alichokuwa akikitoa jikoni akiwa mtoto. Hakusikiliza chochote. Alikuja pua mbele mpaka kwenye waya.

Sauti ile ya bati. Akaangukia magoti kwenye tope. Akainuka, akarudi nyuma, anatetemeka, anamtazama Shemeji. Na Shemeji akagonga tena.

Hapa ndipo penye uchungu wenyewe: alirudi. Farasi yule, mjanja wa wajanja, aliyekataa molasi ya Bi Kidole, alirudi kwenye kopo, kwa sababu kopo halikuwahi kumdanganya. Aliona kama kosa ni lake. Alikuja taratibu safari hii, shingo imenyooshwa, akagusa kwa mdomo. Akalia. Akarudi tena.

"Kwa faida yako, baba," Shemeji alikuwa akisema, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, kijiko kinagonga. "Kwa faida yako. Usije. Ukijua usije, unabaki. Usije!" Anasema usije, na mkono unamwita.

Ikawa hivyo kila asubuhi. Bi Kidole alitazama kutoka dirisha la jikoni, kikombe mkononi. Mdokozi akawa anasita mbali zaidi, kila siku mbali zaidi. Shemeji akawa anabadilisha mahali pa kusimama, asije akafikiri ni pembe moja tu yenye adhabu. Mstari wote, mwanzo hadi mwisho. Hata waya ulipokuwa umezimwa, Mdokozi hakusogea. Na asubuhi moja, kopo lilipogongwa, aligeuza makalio akaondoka mbio kwenda kona ya mbali kabisa ya uwanja, akasimama uso kwenye kichaka, mwili unatetemeka. Kopo likigongwa zaidi, yeye anazidi kujibana.

Shemeji alifurahi. Ndiyo, alifurahi, nasema kama ilivyokuwa! Alirusha kofia juu. "Kafuzu!" akapiga kelele peke yake uwanjani.

Siku ya mtihani Kwaheri alikuwepo, lori limeegeshwa uani, amekalia ngazi ya mlango anachokonoa meno. Daktari naye alikuwepo. Bi Kidole alizima mashine. Hakuishia hapo: aliamuru waya wenyewe ushushwe chini, kisha ukunjwe na kutolewa, ikabaki ardhi tupu yenye alama za vigingi. Akaweka ndoo ya pumba na molasi upande wa pili, akalichukua kopo kwa mkono wake.

Ko-ko-ko.

Mdokozi alikuwa ameshikiliwa kamba na daktari. Alipoachiwa hakwenda kwenye ndoo. Jasho lilimtoka, mabaka meusi yakamtanda mbavuni, na kabla Bi Kidole hajagonga mara ya pili alikuwa ameshakimbilia kona yake ya mbali. Bi Kidole aligonga mpaka mkono ukachoka.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," daktari akasema. Safari hii hakucheka. "Na siku mkitaka avuke, Shemeji?"

"Avuke aende wapi? Tunawazungusha uani kwa kamba. Mstari huu hauna lango, daktari, haujawahi kuwa nalo."

Kwaheri alisimama, akajipangusa suruali. "Basi mimi nimekosa abiria," akasema.

Bi Kidole alimrudishia Shemeji kopo. Alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Umemfundisha vizuri, shemeji. Sikujua kama na wewe unayo roho hiyo." Kisha, "Anabaki."

Si kilemba cha ukoka, alimaanisha. Na Shemeji, mjinga wa Mungu, alishukuru. Siku hiyo alilala fofofo, jambo ambalo hakulijua tangu msiba.

Mdokozi hakuwa yule tena, lakini. Hakuja kukunwa sikio. Walipohamishiwa kwenye nyasi zilizokomaa, wakizungushwa uani kwa kamba kama kawaida, yeye alikula katikati ya uwanja, mbali na mstari, na wenzake wakimsogeza alirudi pale pale. Upande wa huku walikotoka ulikuwa umeliwa mpaka udongo, mweupe kama sakafu. Waya ukasimamishwa tena, mashine ikarudi mahali pake, tik, tik, huku sasa kukapumzishwa kungoja mvua. Shemeji akalitundika kopo, kijiko ndani yake, kwenye nguzo ya pembeni, upande huo mweupe. Rafuni hakutaka kulirudisha. Alijiambia kwamba Mdokozi atazoea, kwamba kesho na keshokutwa atakuja mwenyewe. Uhai kwanza, mapenzi baadaye. Ndivyo alivyojifariji.

Kiangazi kikakaza. Nyasi za kimo cha goti zikawa za rangi ya mkate uliookwa, zikigusana zinalia kama karatasi. Mchana mmoja, jirani alikuwa akichoma mabua kwake, na upepo, ambao tangu asubuhi ulikuwa umelala, ukaamka na kugeuka.

Shemeji alikuwa bandani aliposikia. Moto wa nyasi una sauti, ukishausikia mara moja huusahau. Alitoka mbio. Ule upande wa uani, penye lango la pekee la uwanja, ulikuwa umeshashika, ukuta wa moshi na chini yake ulimi mwekundu unaokuja kwa kasi ya mtu anayekimbia. Farasi walikuwa wamejikusanya, masikio yamelala, wanarudi nyuma kuelekea mstari wa waya. Na ng'ambo ya waya, hatua chache tu, udongo mtupu ambao hata kiberiti kizima kisingeuwasha.

"Zima mashine!" Bi Kidole alikuwa ameshafika, gunia bichi mkononi, skafu imemtoka kichwani. "Ng'oa waya, shemeji! Ng'oa wote!"

Shemeji alizunguka kwa upande wa udongo, akazima, akang'oa. Vigingi viling'oka kama meno ya mtoto. Aliuvuta waya akautupa nyuma yake, mstari ukawa wazi, hakuna kitu, hewa tu. Farasi walifika pale wakasita. Dume mwenye madoa alinusa chini, akakumbuka ulimi wake. Bi Kidole, aliyevuka kwenda kule ndani ya nyasi bila kujiuliza, akamchapa makalio na gunia bichi kwa nguvu zake zote, na dume akaruka juu kana kwamba waya bado upo, akatua kwenye udongo. Jike mweupe akafuata akichechemea. Wengine nao wakaruka. Walikuwa wamefundishwa mara moja tu, na moto ni mwalimu mkubwa zaidi.

Mdokozi alikuja nao mbio, katikati yao. Alipofika kwenye mstari alifunga breki, kwato zikachimba mifereji miwili, na wenzake wakampita huku na huku. Akabaki peke yake. Bi Kidole alimchapa. Alimchapa tena. Mdokozi alizunguka tu kwenye duara, macho meupe yakionekana kwa mara ya kwanza chini ya nywele, lakini kuvuka hakuvuka.

"Njoo, baba!" Shemeji alikuwa amepiga magoti kwenye udongo, kando ya nguzo ya kopo, mikono ameifungua. "Njoo kwangu. Hakuna kitu, tazama, hakuna kitu! Njoo!"

Mdokozi alimsikia. Alisimama, akamtazama. Alipiga hatua moja. Akapiga nyingine. Pua ilinyooshwa mpaka kwenye ile alama ya kigingi kilichong'olewa, mdomo unatetemeka. Zilibaki kama hatua tatu tu, na mtu angemshika nywele za utosini na kumvuta. Na moshi ukawafunika wote wawili, na Shemeji hakumwona tena, akaingiwa na hofu, na mkono wake, mkono wa mtu anayemwita mpendwa wake gizani, ukaenda wenyewe kwenye nguzo. Ukashika kopo.

Ko-ko-ko!

Upepo ulipoufunua moshi, Mdokozi alikuwa amegeuka. Aliondoka mbio, kama alivyofundishwa. Alikimbia kuliacha kopo, kuelekea kona ya mbali ya uwanja huu, kama ile iliyokuwa salama yake asubuhi zile zote, na kona hii sasa ilikuwa inawaka. Shemeji aligonga kwa nguvu zaidi. Mtu akiita asiitikiwe, si huongeza sauti? Na kila alivyogonga, ndivyo tumbo lile dogo lilivyokimbia.

Halafu akaelewa. Kijiko na kopo vilimwanguka. Alitoa sauti, akajitosa kwenye nyasi kumfuata, na angefika, wallahi angefika, ila Bi Kidole alimdaka shati kwa nyuma. Alimwangusha. Alimkalia mgongoni, mwanamke yule mkavu, akamkandamiza uso kwenye udongo huku cheche zinawadondokea.

"Niache! Ni wa marehemu! Niache, Dada!"

"Nyamaza."

"Nimemwita! Nimemwita mimi!"

"Nimesikia. Nyamaza."

Kilio kilitoka kule konani, kile cha bati. Kilikuwa kirefu. Bi Kidole aliyaziba masikio ya Shemeji kwa viganja vyake viwili, lakini kuna sauti ambazo kiganja hakizizibi.

Kesho yake Kwaheri alikuja na lori. Mtu mwingine wa kubeba mizoga hakuwepo. Uwanja ulikuwa mweusi wote hadi mwisho, vigingi vya plastiki vilivyoangukia nyasini vimeyeyuka vikawa kama mishumaa iliyokwisha, na upande wa pili farasi waliobaki wamesimama kwenye udongo, wametulia, wana njaa. Kwaheri alivua kofia. Alikitazama kilichokuwa konani, akamtazama Shemeji.

"Huyu si yule aliyefuzu?"

"Ndiye," Shemeji akasema.

Walimfunga kamba. Shemeji alisema atamfunga yeye, na akamfunga, na akamsukuma juu ya ubao mpaka ndani ya lori, kwa mikono hiyo hiyo. Asipande lori, ndivyo alivyousiwa. Bi Kidole alisimama kando. Kidole chake hakikunyooka popote, mkono ulining'inia tu.

"Nilisema akivuka anaondoka," akasema, lori lilipokuwa linatoka lango kuu. "Hakuvuka, shemeji. Hilo siwezi kumsingizia."

Kama ilikuwa pole, au ilikuwa kisu, Shemeji hakujua. Labda Bi Kidole mwenyewe hakujua. Aliinama akaliokota kopo kwenye udongo, akalipuliza jivu, akalijaza pumba kutoka kwenye gunia, akampa.

"Waite wale. Hawajala tangu jana."

Shemeji alilishika. Bi Kidole alipoondoka, akavuka nalo kwenda kwenye uwanja ule mweusi. Kisha akagonga, pole pole, kwa kucha tu, kwa sababu kijiko hakukiona. Dume mwenye madoa aliinua kichwa. Jike mweupe akachechemea. Wakaja wote, masikio mbele, hata walegevu, hata wale waliokuwa mbali kabisa, wakavuka pale mstari ulipokuwa, wakamzunguka na kumsukuma kwa pua wakitaka kula.